Albamu ya laivu au ya studio: ipi uichukue kwa nyimbo za kuabudu?

Wimbo uliokutoa machozi kwenye simu Alhamisi usiku unaweza kudorora kabisa Jumapili asubuhi mbele ya watu mia mbili kule Tabata. Wapigaji wamefanya mazoezi, maneno yapo ukutani, kiongozi wa sifa sauti anayo, na bado kusanyiko limesimama likiwatazama. Mara nyingi shida ilianzia kwenye albamu. Timu ilichukua wimbo kutoka albamu ya aina isiyowafaa, au iliyofaa wakaisikiliza vibaya.

Tunalinganisha hapa albamu iliyorekodiwa laivu mbele ya watu, na ile iliyotengenezwa studio chombo kimoja kimoja. Ndani yake limejificha swali la tatu ambalo Dar halikwepeki: ya Kiingereza au ya Kiswahili? Msimamo wetu tuuseme mapema. Laivu humfundisha kiongozi kuongoza, na studio huwafundisha waimbaji na wapigaji noti zao. Anayetafuta noti kwenye laivu anajitwisha kazi mara mbili, na anayejifunzia uongozi kwenye studio atakwama kiitikio cha mwisho kikiisha na watu bado wanataka kuimba.

Laivu nayo imepita studio

Wengi huamini kwamba laivu ni kile kilichotokea usiku ule, basi. Albamu nyingi za laivu hurudishwa studio baada ya tamasha. Mstari aliokosea kiongozi huimbwa upya, waitikiaji huongezewa sauti, gitaa lililoteleza hupigwa tena. Wimbo mwingine huimbwa mara mbili usiku uleule na fundi akachagua uliotoka vizuri. Jukwaani wapigaji husikia kliki masikioni, ule mlio wa kuhesabia mapigo ambao hadhira haiusikii, na ndiyo maana mwendo haukimbii hata ukumbi ukilipuka kwa shangwe. Timu isiyo na kliki ikiiga msisimko ule ule itaanza kwenye mapigo 68 kwa dakika na kumalizia 80 bila mtu kushtuka, mpaka waimbaji waanze kumeza maneno.

Ukitaka kujua kiasi cha matengenezo, vaa hedifoni. Sauti ya watu ikishuka kila kiongozi anapoanza mstari na kupanda kila anaponyamaza, ujue maikrofoni za hadhira zimepandishwa na kushushwa na fundi. Hakuna dhambi hapo, ni ufundi. Ila usitegemee kusanyiko lako liitike kama ule umati wiki ya kwanza. Watu wa kwenye rekodi mara nyingi wanaujua wimbo, na wale wasioujua hawasikiki.

Mtindo wenyewe ni wa zamani kuliko YouTube. Kanda za Hosanna! Music zilianza kutoka Marekani mwaka 1985, na mwaka 1986 ikaja Give Thanks ya Don Moen, watu wakisikika wanaimba pamoja naye. Kanisa la Hillsong la Sydney lilianza albamu zake za laivu za kila mwaka mnamo 1992. Joyous Celebration ya Afrika Kusini ilianzishwa 1994 na ikatuzoesha lile umbo la jukwaa kubwa, kwaya nyuma, na waongozaji wanaopokezana wimbo kwa wimbo. Rekodi za laivu za Dar leo zina damu ya hizo zote, hasa hiyo ya mwisho. Upande wa pili kuna urithi wa kwaya zetu, za aina ya AIC Chang'ombe na Uinjilisti Kijitonyama, ambazo wengi tumezijua kwa kanda za studio na video za waimbaji waliovaa sare wakifuatisha midomo. Kwa hiyo masikio ya mwamini wa Dar yanazijua aina zote mbili; kuchagua ndiko kunakotushinda.

| | Laivu | Studio |
|---|---|---|
| Urefu wa wimbo, kwa kawaida | dakika 6 hadi 12 | dakika 4 hadi 6 |
| Kinachosikika wazi | mwitikio, kupanda na kushuka kwa nguvu | kila sauti na kila chombo |
| Mwisho wa wimbo | huungana na unaofuata, au huingia sebene | hukatika au hufifia |
| Kinachowaponza wengi | marudio | vyombo vingi kuliko mlivyo navyo |
| Wa kwanza kufaidika | kiongozi, mpiga dramu | waimbaji, mpiga besi, mpiga kinanda anayeanza |

Dakika zenu ni ngapi?

Chukua ibada ya kwanza ya asubuhi ambayo lazima iishe ili watu wa ibada ya pili waingie. Mmepewa dakika 25 za kusifu na kuabudu. Nyimbo za dakika 9 zitaingia mbili na kipande. Kwenye Old Church Basement, albamu ya mwaka 2021 ya Elevation Worship na Maverick City Music, wimbo mmoja, Jireh, unakaribia dakika 10. Mkeshani dakika hizo ni baraka. Jumapili saa moja na nusu asubuhi, mzee wa kanisa ataanza kuangalia saa.

Dawa yake ni karatasi na kalamu. Sikiliza wimbo mara ya kwanza bila kufanya lolote. Mara ya pili andika sehemu zinavyofuatana: ubeti, kiitikio, ubeti wa pili, na ile sehemu ya tatu inayorudiwa, tunayoiita briji. Pembeni ya kila moja andika imerudiwa mara ngapi na ni dakika ya ngapi. Kisha pima mwendo: hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Ukipata 17, mwendo ni 68.

Sasa piga hesabu. Sehemu ya baa 8 zenye mapigo manne manne ni mapigo 32, na kwa mwendo wa 68 ni sekunde 28 hivi. Beti mbili, kiitikio mara tatu na briji mara nne ni sehemu tisa, yaani dakika 4 na sekunde 14. Hicho ndicho kiini cha wimbo. Dakika nyingine zote ulizozisikia kwenye laivu ni maamuzi ya kiongozi papo kwa papo: kurudi kwenye kiitikio kwa upole, kunyamazisha vyombo, kuomba, kuimba neno moja mara ishirini. Hayo hayakaririwi. Timu inayokariri marudio ya albamu kwa idadi hujikuta ikirudia briji mara nane kwa sababu "kwenye wimbo ni nane", hata kama watu walishachoka kwenye ya nne.

Studio inakupa kiini hicho kikiwa kimemenywa tayari. Tahadhari moja: lebo isikudanganye. Oceans ya Hillsong United iko kwenye Zion ya mwaka 2013, albamu ya studio, na bado inakaribia dakika 9. Angalia muundo wa wimbo wenyewe.

Sauti zinapovunjikia

Hapa ndipo nyimbo nyingi za kuabudu za kisasa zinaposhindwa na kusanyiko, iwe laivu au studio, ila laivu ndiyo yenye hatia zaidi. Muongozaji wa albamu ni mwimbaji wa kazi hiyo, na wimbo umewekwa pale sauti yake inapong'aa. Mama wa Kimara aliyeamka saa kumi alfajiri hana sauti hiyo.

Kipimo cha kawaida: watu wasiofundishwa huimba vizuri kuanzia C ya katikati ya kinanda hadi C ya juu yake, wakisukumwa wanafika D. Wanaume huimba hivyohivyo oktava moja chini. Tafuta noti ya juu kabisa ya kiitikio kwenye kinanda. Ikiwa ni E au F na inakaliwa muda mrefu, shusha.

Tuseme wimbo uko ufunguo wa B, kiitikio kinafika F# ya juu, na ubeti unaanzia B ya chini ya C ya katikati. Ukiushusha nusutoni 4 (vitufe vinne vya kinanda, vyeusi vikihesabiwa) unakuwa G: juu inakuwa D, panaimbika. Lakini ubeti sasa unaanzia G ya chini, na wanawake wengi watanong'ona tu hapo. Huo ndio mtego wa nyimbo zinazoruka oktava, zinazoanza chini kabisa ili ziripuke baadaye. Kwenye rekodi mnong'ono ule ni mzuri sana kwa sababu maikrofoni iko mdomoni. Kanisani lenye feni sita na bodaboda dirishani haufiki safu ya tatu. Njia mbili zipo: ubeti uimbwe na kiongozi peke yake, watu waingie kwenye kiitikio, au mruko wa oktava uachwe kabisa, wimbo ubaki katika kimo kimoja na nguvu ipandishwe kwa vyombo. Sisi tungechukua ya pili kwa ibada ya kawaida.

Kuhusu kitufe cha transpozi kwenye kinanda, kile kinachohamisha ufunguo bila vidole kuhama: kinaokoa na kinaua. Mpiga kinanda akibonyeza chini mara 4 huku vidole vyake vikipiga B, mpiga besi anayemchungulia mikono atapiga B halisi, na mtasikia vita. Mkubaliane kutaja ufunguo unaosikika, G, si unaobonyezwa. Wimbo ukiisha, kitufe kirudi sifuri kabla ya ule unaofuata.

Kwa waimbaji, studio inashinda bila ubishi. Sauti zimetenganishwa, hakuna makofi yaliyofunika ya pili, na kwaya iliyozoea solfa itaandika noti kwa jioni moja. Laivu za mtindo wa Kimarekani na Afrika Kusini zina jambo jingine la kujua: waitikiaji mara nyingi wako sauti tatu, yaani ya kwanza, ya pili na ya tatu. Besi hakuna. Kwaya yenye wanaume wa besi wanne itawauliza "sisi tunaimba nini?" Wape sauti ya kwanza oktava moja chini; wasibuni ya kwao juu ya gitaa la besi, watagongana nalo.

Vyombo ulivyo navyo

Makanisa mengi ya jijini yana kinanda kimoja, gitaa la besi, dramu, pengine gitaa la solo, na waimbaji wanne hadi sita. Albamu ya studio inaweza kuwa na tabaka za sauti arobaini. Ukiutoa wimbo huo kwenye vazi lake unaweza kukuta mfupa mtupu.

Jaribio ni rahisi. Mpiga kinanda apige kodi za wimbo (noti zinazopigwa kwa pamoja, si zile za TRA) kwa mkono mmoja, mtu mmoja aimbe. Wimbo ukisimama hivyo, utasimama popote. Ukiwa mkavu, ulikuwa unabebwa na mapambo, na mapambo hayo hamna. Nyimbo nyingi za kuabudu zina kodi nne tu zinazozunguka. Hilo si kosa, mradi melodia ina kitu cha kusema.

Mpiga gitaa anayetaka ule mlio unaorudi kama mawimbi asibahatishe. Kwa mwendo wa 68, pigo moja ni milisekunde 882. Mwangwi wa robo tatu ya pigo, ambao ndio husikika kwenye rekodi nyingi za aina hii, ni 662. Ukiuweka 500 kwa sababu ndivyo kifaa kilivyotoka dukani Kariakoo, gitaa litapigana na dramu wimbo mzima.

Mwangwi wa sauti, huo upunguzeni. Rekodi imetiwa mwangwi mwingi ili isikike kama ukumbi mkubwa. Jengo lenu la mabati na sakafu ya saruji lina mwangwi wake wa bure. Fundi mitambo akiongeza wa mashine, maneno yanageuka uji.

Kuna wanaocheza rekodi ya vyombo kutoka kwenye simu na kuimba juu yake. Inawezekana, kwa masharti: waya badala ya bluetooth, kwa sababu bluetooth huchelewesha sauti kiasi cha kumvuruga mpiga dramu, simu iwekwe hali ya ndege, la sivyo shemeji atapiga katikati ya "Mtakatifu", na watu wajue watafanya nini umeme ukikatika. Chagueni wimbo ambao waimbaji wanaweza kuuendeleza kwa makofi.

Kiingereza kinapovaa Kiswahili

Timu nyingi hupenda albamu ya Kiingereza, zikatafsiri kiitikio, na kushangaa kwa nini kinasikika kama tangazo la mnadani. Sababu iko kwenye silabi. Kiingereza kina maneno mengi mazito ya silabi moja: grace ni silabi moja, neema ni tatu. Holy ni mbili, Mtakatifu ni tano. Noti moja ndefu iliyobeba silabi moja sasa inabebeshwa tatu, na mwimbaji anakimbia.

La pili ni mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho: BWAna, neEma, uPEndo. Melodia ya kigeni ikiweka noti ndefu na ya juu mwishoni mwa mstari, utasikia "Bwanaaa" imekazwa kwenye "na", na sikio la mzawa linajikuna. Kiitikio kizima kikiwa hivyo, watu wataimba kwa adabu tu.

Tafsiri nzuri inawezekana, na tunayo mfano tangu utotoni. "Mwamba wenye imara" wa Tenzi za Rohoni una silabi saba, sawasawa na mstari wa kwanza wa mtunzi wake, Augustus Toplady, kwa Kiingereza. "Kwako nitajificha" saba tena. Mfasiri hakufuata neno kwa neno. Alihesabu, akatafuta neno la Kiswahili linalokaa. Fanyeni hivyohivyo: andika idadi ya silabi za kila mstari, weka alama kwenye noti ndefu, halafu tafuta maneno ambayo silabi yake ya pili kutoka mwisho inaangukia alama ile. Ikishindikana baada ya jioni mbili, imbeni kiitikio kwa Kiingereza au acheni wimbo.

Kwa sababu hii, kwa kusanyiko la kawaida la Dar tungeanza na albamu ya Kiswahili kabla ya nyingine yoyote. Watunzi wa hapa, kina Joel Lwaga, Paul Clement na Christina Shusho, huandika melodia ikiwa tayari imezaliwa na maneno yake. Na laivu za Kiswahili zina kitu ambacho ya kigeni haitakupa: jinsi ya kutoka kwenye kuabudu hadi sebene bila kuvunjika. Sikiliza mpiga dramu anafanya nini baa mbili kabla ya mwendo kubadilika, na gitaa la solo linaingia wapi. Hapo studio haina la kufundisha, kwani sebene la studio mara nyingi limekatwa kabla halijachemka.

Kusikiliza kwenyewe

Anayetaka albamu ya kusikiliza tu, asiye na timu wala kinanda, apime mahali anaposikilizia. Kwenye mwendokasi kati ya Kimara na Kivukoni, laivu hupoteza nusu yake: sehemu za upole zinamezwa na injini na mazungumzo, ukiongeza sauti kiitikio kinakupasua masikio. Studio, iliyosawazishwa zaidi, ndiyo ya safarini. Laivu ni ya nyumbani usiku, kwenye sabufa, kwa mfuatano wake kutoka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Zima uchezaji wa kuruka-ruka. Nyimbo za laivu zimeunganishwa, na ukizichanganya utasikia makofi yakikatwa kama kwa shoka.

Usiihukumu albamu kwa spika ya simu. Spika ile haitoi besi ya maana, na besi ndiyo inayobeba nyimbo hizi. Hata hedifoni za bei ndogo ni bora.

Bando nalo lihesabiwe. Kwa ubora wa kilobiti 320 kwa sekunde, dakika moja ni MB 2.4, albamu ya laivu ya dakika 90 ni MB 216. Kwa 160 ni nusu, MB 108, na kwenye hedifoni za kawaida wengi hawatatofautisha. Pakua mara moja kuliko kutiririsha kila siku, na usiiache video ya YouTube ikicheza mfukoni kwa ajili ya sauti tu.

Tungechukua ipi

Timu changa, isiyofika mwaka, ichukue albamu moja ya studio ya Kiswahili na ijifunze nyimbo tatu kati ya zote, si kumi. Moja ya kusifu, mbili za kuabudu, zote zisizovuka D ya juu. Mazoezi ya wiki mbili: ya kwanza sauti na kinanda tu, ya pili vyombo vyote.

Timu iliyokomaa ichukue laivu, ila kila wimbo wa laivu utafutiwe toleo la studio kama lipo. Wapigaji wajifunze kwenye la studio, kiongozi peke yake akae na la laivu. Wakutane Jumamosi.

Kiongozi wa mkesha achukue laivu ndefu, na asiogope dakika 12. Usiku wa manane wimbo mfupi ni usumbufu. Mwalimu wa kwaya ya sauti nne tungemshauri abaki studio, na laivu aitazame kwa ajili ya video tu, kuona waimbaji wanavyopumua.

Mkishaupenda wimbo kiasi cha kutaka kuurekodi na kuuweka mtandaoni, mambo yanabadilika. Kuuimba ibadani ni jambo moja, kuurekodi upya ni jingine, na tafsiri nayo ni kazi iliyotokana na ya mtu mwingine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi, na COSOTA ndiyo ofisi ya kuulizia. Ombeni ruhusa kwa maandishi kabla ya kulipia studio, kwa sababu YouTube ikishaitambua melodia, mapato yanaweza kwenda kwa mwenye wimbo au video ikafungiwa, na fundi wa kamera hatawarudishia chenu.